Ufa Ninaouacha

Mwaka jana ilinoki Maramba,
kilomita nne kabla ya bendera.
Zulfikar alinijia na biringi mfukoni,
imekunjamana kama ganda la korosho,
akaiweka mezani, hakusema neno.
Nami sikusema. Niliijua.
Niliifunga mimi, Ijumaa jioni,
huku mtu ananipigia honi nje.

Basi mwaka huu nimeanza na bloku tupu.
Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani:
banda la mabati, feni moja, na Semboja
anayeosha kila tundu kwa mafuta ya taa,
kisha sabuni ya kufulia, kisha pumzi,
mpaka kitambaa kiingie cheupe kitoke cheupe.
"Dada Mwanakombo, imetakata."
"Rudia."
"Imetakata!"
"Rudia. Punje ya mchanga haina haya."

Baba alikuwa fundi wa korona, kiwandani, mkongeni.
Alirudi nyumbani na nyuzi kwenye nywele.
Hakunifundisha kuipenda mashine,
alinifundisha kutoiamini:
ikikwambia nzima, pima.
Na mchana wa Tanga chuma husema uongo,
krenki hunenepa kwa joto la bati.
Kwa hiyo napima alfajiri,
kabla bati halijaanza kulia.

Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Humu ndani, ufa ndio nyumba.
Kati ya krenki na biringi naacha nafasi
nyembamba kuliko unywele wangu
(nimeupima, usiku mmoja, umeme ulipokuwa mzuri),
humo oili ipite, itandike mkeka wake,
chuma kisikutane na chuma
mizunguko elfu saba kwa dakika.
Nikibana, kitaungua. Nikilegeza, kitagonga.
Hata kukaribisha kuna kipimo.

Zulfikar anataka nguvu.
Kila jioni yuko mlangoni na juisi ya mabungo.
"Chonga hedi tena kidogo.
Wale wa Dar wana farasi mia tatu."
"Na bredauni ngapi?"
Akacheka, lakini si sana.
Nimempa mia mbili na arobaini.
Zilizobaki nimezizika kwenye pampu ya oili,
na kwenye sampu niliyoijengea kuta
oili isikimbilie upande mmoja
kona za Amani zitakapoitikisa.

Bolti za konrodi nilikaza kwa toki,
Semboja akitaja namba kwa sauti kama mtoto wa chuoni.
Moja nikaihisi laini.
Haikukatika, haikulalamika,
ililegea tu mkononi
kama salamu ya mtu asiyekutaka.
Nikaitupa.
Nyingine ilitoka Mombasa kwa basi, siku tisa,
na siku hizo tisa sikupendwa na mtu.

Siku ya mashindano sikwenda barabarani.
Nilikaa bandani na simu, namenya chungwa.
Muheza, wa sita.
Bombani, wa tano.
Maramba simu ikanyamaza.
Chungwa lilikuwa na vipande kumi na kimoja.
Nilivihesabu mara mbili, sikula hata kimoja.
Kisha Semboja, anapiga kelele hadi sauti inakwaruza:
"Tumepita! Dada, tumepita pale!"

Wa tatu. Wawili walikuwa wepesi kuliko sisi.
Wengine walikuwa wepesi kuliko wote,
wamekaa kando ya mkonge, boneti wazi,
wanautazama moshi wao.

Jumatatu nimeifungua.
"Nzima hii, unaifungulia nini?"
Sikumjibu. Nikaitoa biringi ya tatu,
mahali pa ile ya mwaka jana:
kijivu, tulivu, bila mkwaruzo,
oili bado imeishika.
Nikamtilia kiganjani.
Akaigeuza, akaigeuza tena, akatafuta.
"Haina kitu," akasema.
"Ndicho nilichokuwa natengeneza.
Semboja, lete mafuta ya taa."